Cleveland: Nyumba Tatu za Jumuiya Moja



Tangu michoro miwili ya jengo letu ibandikwe ukutani pale tunaposali, hapana Ijumaa ipitayo bila ya mabishano. Mchoro wa kwanza una kuba kubwa na mnara, na madarasa ya watoto yamesukumwa chini ya ardhi. Wa pili hauna kuba wala mnara. Una ukumbi mpana, jiko, madarasa sita na uwanja wa kuegesha magari. Wako wasemao kuwa wa kwanza ndio msikiti na wa pili ni godauni, na wako wasemao kuwa godauni hilo ndilo litakalowaweka watoto wetu. Mimi si mhandisi wala si mjumbe wa kamati. Lakini nimepata kwenda Cleveland mara mbili, mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari kutoka hapa Columbus, nikatazama majengo ya watu waliopita katika mabishano haya haya yapata miaka mia iliyopita. Watu hao ni Mayahudi. Mhariri ameniomba niyaandike niliyoyaona, nami nayaandika kwa kuwa fedha zitakazojengea ni za wasafisha hospitali, madereva wa teksi na walezi wa wazee, na hazitachangwa mara mbili.

Nianze na jina. Sinagogi ni neno la Kiyunani lenye maana ya kukusanyika. Kwa Kiebrania nyumba hiyo huitwa beit knesset, yaani nyumba ya mkusanyiko, na neno letu la kanisa, tulilolipokea kwa Waarabu, latoka katika shina hilo hilo la lugha za Kisemiti. Na sisi msikiti mkubwa wa Ijumaa twauita jaamia. Na jamii, jamaa, jumuiya na Ijumaa ni watoto wa mama mmoja. Kwa hiyo asemaye kuwa kuchanganya ibada na mambo ya watu ni uzushi wa Marekani, na ausikilize kwanza ulimi wake mwenyewe. Ahlu Suffa walikaa katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.), na siku ya Idi Wahabeshi walicheza humo na mikuki yao. Hayo wasomaji wanayajua kuliko mimi.

Jumuiya ninayoisimulia iliasisiwa Cleveland mwaka 1869 na wahamiaji wa Kiyahudi waliotoka Poland, nayo ikaitwa Anshe Emeth. Mwaka 1922 ilifungua jengo kubwa katika barabara ya East 105th, mtaa wa Glenville, ambako wakati huo Mayahudi walikuwa wengi. Halikupewa jina la sinagogi. Liliitwa Cleveland Jewish Center, kituo cha Mayahudi wa Cleveland. Ndani yake mlikuwa na ukumbi wa sala, madarasa, ukumbi wa mazoezi ya viungo na bwawa la kuogelea. Fikra hiyo ilikuwa ikienea kutoka New York, ambako jengo la namna hiyo lilifunguliwa mwaka 1918 katika barabara ya West 86th, chini ya Rabi Mordecai Kaplan. Watu wakayatania majengo hayo kuwa ni sinagogi lenye bwawa.

Mpango wenyewe haukuwa na hila. Wazee walikuwa wamekuja na dini yao mikobani. Vijana waliozaliwa Marekani walikuwa wakiikimbia. Basi ikasemwa: kijana na aje kuogelea, aje kucheza mpira wa kikapu, na atakapopita mlangoni pa ukumbi wa sala ataingia. Hawakupita miaka mingi marabi wakaanza kulalamika. Aliyekuja kwa ajili ya bwawa aliogelea, akajifuta maji, akaenda zake nyumbani. Mlango wa sala aliupita kama mtu apitavyo duka asilokuwa na haja nalo. Hili nalitaja mapema kwa sababu miongoni mwetu wako wanaodhani kuwa meza ya ping-pong itawarudisha vijana msikitini. Huenda ikawarudisha mpaka kwenye meza.

Wala jengo halikuleta amani. Katika miaka ya 1920 baadhi ya wanachama wa jumuiya hiyo walimshitaki rabi wao, Solomon Goldman, pamoja na waliokuwa upande wake, kwa kuacha mila za wazee, hasa kwa kuwakalisha wanaume na wanawake pamoja. Kesi ikaburutwa mahakamani kwa miaka, na mwishowe walalamikaji wakashindwa. Jengo jipya, dari refu, bwawa, na ndani yake watu wasiopeana mikono.

Nilisimama mbele ya jengo hilo asubuhi moja ya baridi. Si sinagogi tena. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mayahudi walipokuwa wakihamia mitaa ya juu kilimani, liliuzwa kwa kanisa la Kimethodisti la Wamarekani weusi, kanisa la Cory, nalo lingali kanisa. Nyota za Daudi hazikubanduliwa kutani. Watoto wa mtaa wakaurithi ukumbi wa mazoezi pamoja na bwawa. Na hapo ndipo, tarehe 3 Aprili 1964, Malcolm X alipotoa hotuba yake mashuhuri kuhusu kura na risasi. Siku kumi baadaye aliondoka kwenda Makka kuhiji, akarudi akiwa El-Hajj Malik El-Shabazz. Martin Luther King naye alipata kuhutubu katika jengo hilo hilo. Nilifikiri sana juu ya wale wazee wa mwaka 1922 waliokuwa wakibishana juu ya upana wa kumbi na idadi ya viti. Walikuwa wakiwapimia watu ambao hawajawajua. Jengo lenye kumbi kubwa na milango mingi lilimfaa mrithi asiyekuwa wa dini yao; lingekuwa kuba tupu juu ya chumba kimoja, sijui nani angelichukua.

Sasa nije kwenye jengo la pili, ambalo ndilo lililonipeleka Cleveland hasa.

Liko Cleveland Heights, katika barabara ya Mayfield, ndani ya ardhi yenye ukubwa wa ekari zipatazo 28, yenye miti mirefu na korongo. Laitwa Park Synagogue. Jumuiya ilimwajiri msanifu Erich Mendelsohn, Myahudi aliyezaliwa Prussia ya Mashariki mwaka 1887, akapata sifa Ujerumani kwa maduka makubwa ya Schocken na kwa mnara wa kuchunguzia nyota wa Potsdam uliopewa jina la Einstein. Mwaka 1933, Manazi walipotwaa madaraka, aliondoka. Akajenga Uingereza, akajenga Palestina, na mwaka 1941 akafika Marekani. Mtu huyu aliyehama nchi baada ya nchi ndiye aliyepewa kazi ya kuwajengea wahamiaji. Alisanifu masinagogi manne yaliyojengwa Marekani, katika majimbo ya Missouri, Ohio, Michigan na Minnesota, naye akafariki mwaka 1953 kabla ya yote kukamilika.

Nilipofika mara ya kwanza, mwaka 2016, jumuiya ilikuwa ingali ikilitumia. Mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, ambaye binti yake hufanya kazi pamoja na mke wangu, alitupokea mlangoni na kututembeza. Mwanzo mtu huiona kuba. Kipenyo chake ni futi 100, sawa na mita 30 hivi, na uzito wake ni tani zipatazo 680 za saruji, juu yake pamevikwa shaba iliyogeuka rangi ya kijani kwa mvua na theluji za miaka. Lakini uzito huo hauonekani. Kuba haikuwekwa juu ya ukuta. Imeinuliwa kwa nguzo chache, na kati ya nguzo ni kioo kitupu kisicho na rangi wala picha. Ukiwa umekaa ndani unaona miti pande zote, na wakati wa majani kupukutika unaona mbingu. Nimeziona kuba nyingi, za Istanbul kwa macho na nyinginezo kwa picha, ambazo humfanya mtu ajione mdogo. Hii imeshuka chini karibu na watu, mfano wa mkono wa mzazi juu ya kichwa cha mtoto.

Hata hivyo kilichonishika si kuba, bali ni kuta.

Mayahudi wana shida tuliyo nayo sisi. Sabato ya kawaida huja watu wa kawaida. Lakini zinapofika siku za mwaka wao mpya, Rosh Hashana, na siku ya kufunga na kutubu, Yom Kippur, huja kila mtu, hata yule ambaye mwaka mzima hakuonekana. Je, msanifu ajenge nyumba ya watu wa Yom Kippur, ambayo wiki hamsini za mwaka itakuwa pango linalomeza sauti na fedha za kuni? Au ajenge nyumba ya Sabato, na siku kubwa watu wasimame barabarani? Sisi tunaijua aibu hiyo: kila Idi tunakodi ukumbi wa skuli, tunatandika mabusati juu ya mistari ya uwanja wa mpira, na ifikapo saa nne msimamizi anatikisa funguo.

Mendelsohn aliviweka vitu vitatu katika mstari mmoja, kimoja nyuma ya kingine: chumba cha sala chenye kuba, kisha ukumbi wa kuingilia, kisha ukumbi wa mikutano na karamu. Katikati yake hakujenga kuta za kudumu. Aliweka kuta za kusukumwa, ambazo siku ya kawaida hufunga na kumpa kila mtu chumba chake, na siku kubwa hufunguliwa, nyumba yote ikawa ukumbi mmoja. Chini ya kuba waliketi watu elfu moja hivi. Kuta zikifunguliwa wanatosha mara mbili na zaidi. Pembeni pakawekwa mrengo wa madarasa na ua wa ndani, ili watoto wasome bila ya kuvuruga sala, na walioko katika sala wajue kuwa watoto wapo.

Linalofaa kuangaliwa ni ule mstari. Zikifunguliwa kuta, mtu wa safu ya mwisho kabisa, aliyekaa mahali ambapo jana palipangwa meza za harusi, bado anatazama upande ule ule anaotazama rabi, kwenye kabati takatifu la Taurati. Hakugeuzwa shingo. Hakuwekwa chumba cha pili akitazama ukuta. Mzee wetu alitueleza kuwa utotoni mwake familia yao ilikaa huko nyuma kila mwaka, kwa kuwa viti vya mbele vilikuwa na wenyewe, naye hakujua kuwa yuko nyuma mpaka alipokuwa mkubwa.

Jiko lake nalo lina somo. Sheria yao ya chakula, iitwayo kosheri, yakataza nyama na maziwa kuchanganywa, hata vyombo havichanganywi. Kwa hiyo jiko la kituo cha Kiyahudi husanifiwa kama majiko mawili: masinki mawili, makabati mawili, vijiko vya huku na vya huko. Jambo hilo haliongezwi baadaye; likisahauliwa katika mchoro, jengo halifai. Nikaukumbuka wudhu. Ni mara ngapi tumekodi nyumba, tukaanza kupandisha miguu katika masinki ya kunawia mikono, maji yakatapakaa, mwenye nyumba akatubandikia tangazo? Kule kwetu pwani fundi asingethubutu kuanza msikiti bila ya kujua birika litakaa wapi na maji machafu yatakwenda wapi. Katika michoro yetu miwili, mahali pa wudhu kwa wanaume pameonyeshwa. Kwa wanawake nimetafuta sana. Nimeona mlango mmoja wa choo.

Gari pia lilibadilisha dini ya watu hawa kuliko vitabu vingi. Sheria ya Sabato, kwa wanaoishika kwa ukamilifu, hairuhusu kuendesha gari, na kwa hiyo Mayahudi wa madhehebu ya kale hukaa karibu na sinagogi wakaenda kwa miguu. Waliohamia mitaa ya mbali walishindwa, na mwaka 1950, mwaka ule ule Park Synagogue ilipowekwa wakfu, kamati ya sheria ya madhehebu yao ya Conservative ilikubali waendeshe gari kwenda kusali. Wengine mpaka leo wanasema kuwa ruhusa hiyo ndiyo iliyouua mtaa: mtu akishaweza kuja kwa gari, hana haja ya kuwa jirani. Sisi hatukatazwi gari, lakini nauliza: kiwanja chetu cha bei nafuu kiko nje kabisa ya njia za basi. Bibi zetu ambao hawaendeshi, na ndio wanaojaza darasa la Qur'ani la mchana, watafika vipi?

Niliporudi Cleveland mara ya pili, mwaka jana, Park Synagogue haikuwa mikononi mwao tena. Jumuiya ilikuwa imejenga nyumba ya tatu huko Pepper Pike, mashariki zaidi, iliyofunguliwa mwaka 2005, kwa sababu familia zilikuwa zimehama tena. Kuzihudumia nyumba mbili kukawa mzigo, na mwaka 2023 ile ya kuba ikauzwa kwa waendelezaji wa majengo. Nyumba ya Pepper Pike niliipita kwa nje tu. Lile sinagogi la Mendelsohn la Missouri, lililoko University City karibu na St. Louis, liliacha kuwa sinagogi zamani zaidi, katika miaka ya 1980. Leo ni chuo cha sanaa, na watoto wanajifunza kucheza dansi na kuchora humo. Wakristo wa Glenville, wasanii wa University City. Nyumba tatu katika miaka mia moja na ushei, tangu 1922 mpaka leo, na kila moja ilijengwa kwa kuapiwa kuwa ni ya milele.

Kuna jambo moja ambalo Mendelsohn hakulipata kulifikiri, nalo ni bunduki. Tarehe 27 Oktoba 2018 watu 11 waliuawa katika sinagogi la Tree of Life, Pittsburgh, safari ya saa mbili kutoka Cleveland. Tarehe 15 Machi 2019 Waislamu 51 waliuawa katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand. Tangu hapo, anayesanifu nyumba ya ibada huulizwa habari za milango ya kutokea, vizuizi vya magari na vioo visivyopenya risasi kabla ya kuulizwa habari za mwanga. Huko Pittsburgh kazi ya ujenzi mpya ilianza mwaka 2024 kwa mchoro wa Daniel Libeskind, na mchoro huo umejaa mwanga: sinagogi, jumba la kumbukumbu na mahali pa elimu chini ya paa moja. Sikubaliani na ndugu zetu wanaotaka tujenge bila ya madirisha. Mlango wa pili wa kutokea, uliofunguka kwa nje na usiozibwa na viatu, utaokoa watu wengi zaidi kuliko ukuta mpofu. Viatu vyetu ni hatari. Hilo limesemwa mara nyingi katika kurasa hizi.

Na kwa wale watakaoona ajabu kuwa nimewatolea mfano wa Mayahudi, nawakumbusha kuwa huko Virginia ya Kaskazini jumuiya ya Waislamu ya ADAMS, ilipozidiwa na wingi wa watu, ilikodi ukumbi katika sinagogi la mji wa Reston kwa sala ya Ijumaa, na watu wakasali humo kwa miaka. Liliwezekana hilo kwa sababu wenyeji walikubali, na kwa sababu ukumbi ule ulisanifiwa kwa viti vya kuondolewa. Kungalikuwa na mabenchi yaliyopigiliwa misumari sakafuni, ukarimu wao usingalitufaa.

Baada ya hayo nilirudi kuitazama michoro yetu kwa jicho jingine. Katika mchoro wa kwanza, ukumbi wa karamu umewekwa upande wa kibla, mbele ya mihrabu. Hata ukuta ule ukiwa wa kukunja, siku ya Idi hautatufaa kitu, kwani hakuna atakayesali mbele ya imamu. Katika mchoro wa pili ukumbi uko nyuma, kama alivyofanya Mendelsohn, lakini msanifu ameupanga mstari kuelekea mashariki sawasawa, naye ni kijana hodari asiyejua kuwa hapa Ohio tunaelekea kaskazini mashariki. Safu zitakatiza chumba kwa mshazari, na pembe mbili zitapotea. Yote mawili yaweza kurekebishwa kwa kalamu sasa. Baada ya saruji hayarekebishiki. Wanawake wamewekwa chini ya ardhi katika mchoro wa kwanza, wakimwona imamu kwa televisheni, na katika wa pili wamepewa nusu ya nyuma ya chumba kile kile, nyuma ya kizuizi cha kusogezwa. Hapo mimi nimeshachagua, na nadhani mama zetu wakiulizwa watachagua hivyo hivyo. Mpaka leo hawajaulizwa.

Kuba nimeiona, nami naipenda. Kama fedha zitabaki, na ije. Lakini kwanza zipatikane zile kuta za kukunja zilizo nzito, zinazozuia sauti hasa, si zile nyepesi za mahotelini, maana siku itafika tutakuwa na maiti upande mmoja na watoto wa chuo upande wa pili, na kila mmoja atastahiki utulivu wake. Bei zake nimeziulizia katika maduka mawili na nimeziandika.

Kamati inakutana Jumamosi baada ya sala ya Isha. Picha za Cleveland, za nje na za ndani, ninazo katika bahasha. Mwenye kutaka kuziona na anione hapo mlangoni, na dada wanaweza kuziomba kwa mke wangu.